Gari la Kumpeleka Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 1957

Siku ya arobaini na mbili ya ndoa yangu. Siku ya tisa bila Raheli. Ee Raheli! Nyumba imepoa kama jiko la jana. Nimekunywa chai chungu, maana ni yeye tu ajuaye alikoweka sukari.

Barua yake imeletwa leo na mtu wa baiskeli kutoka Mgori. Jicho moja la mama yake limeziba kabisa, la pili limeanza ukungu. Hawezi kumwacha. Atarudi kwangu mama akishafikishwa hospitali hapa Singida na kutibiwa, si kabla. Na basi la abiria mama hataki hata kulisikia. Mwaka juzi lilimtapisha njia nzima, akaapa.

Nimepata wazo. Wazo kubwa! Nitanunua gari. La zamani, la bei ya karani. Leseni ninayo tangu Aprili, bado inanukia wino. Nimesoma sekondari Tabora miaka minne, gari litanishindaje?

Nimemwambia Naftali, karani mwenzangu, yule aliyejitwalia meza ya dirishani. Ameuliza mbele ya ofisi nzima kama Bwana Harusi ataendesha kwa petroli au kwa machozi. Wamecheka. Sikucheka.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kutazama gari na mjomba Alute, mnunuzi wa ng'ombe. Ni gari dogo jeusi la Mzungu mpima ardhi anayerudi kwao. Mjomba amelizunguka mara tatu, amechungulia tumboni, amebonyeza magurudumu, amenusa. Kisha ameuliza limepitia mazizi mangapi. Mzungu akasema ni lake tangu lilipotoka kwenye sanduku. Mjomba akaninong'oneza nisiende mbali, hapa pana ng'ombe wa maziwa, ameshika mimba na kwato nzima.

Nikaingia. Nikashika usukani. Nikamwona Raheli pembeni yangu, kitambaa chekundu kichwani, upepo wa ziwa la Singidani mashavuni. Nikainua macho kwa furaha, nikaona kioo!

Kioo kidogo juu ya uso wa dereva, kinatazama kiti cha nyuma. Na kiti cha nyuma atakaa nani? Mama mkwe! Mimi ambaye, kwa heshima ya ukwe, nikimwona njiani naingia majanini hadi apite, nitazamane naye maili ishirini na tano, jicho kwa jicho?

Mjomba akasema macho yenyewe ndiyo mabovu, haoni. Nikamjibu kuwa mimi naona. Akasema kigeuze. Nikamjibu kioo ni sheria. Akasema kifunike basi na soksi. Mtu hakusoma, nitamweleza nini? Nikamshukuru Mzungu, nikatoka.

Mjomba alitangulia peke yake hadi sokoni, akitikisa kichwa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimenunua! Pikapu ya kijani, kwa mwenye duka la nafaka. Viti viwili mbele, nyuma wazi. Haina kioo hata kimoja, vilikwisha kuvunjika vyote. Nimeuona mkono wa Mungu.

Mjomba Alute amesema imepitia mazizi matano, na ng'ombe wa mazizi matano ana siri anayoijua mwenye kuuza. Amekataa kuigusa. Kweli ina mambo madogo. Breki hukanyagwa mara tatu. Gia ya tatu huchomoka, kwa hiyo hufungwa kwa ukanda wa ngozi. Mlango wa kushoto hufunguliwa kwa nje tu. Lakini mpango wangu ni safi: mimi mbele peke yangu, mama mkwe nyuma pamoja na Raheli, kati yetu ukuta wa bati. Heshima kamili!

Nimemwandikia Raheli kurasa nne. Kuhusu gari, mistari miwili. Zilizobaki ni siri yetu.

Jumatatu, 10 Juni

Naftali amenunua lile gari dogo jeusi. Kwa bei ileile. Amekuja nalo kazini, akalizunguka kwa kitambaa, akifuta vumbi lisilokuwapo. Anasema ataanza kununua asali na nta huko Mgori siku za mapumziko. Amejitolea kunifundisha kurudi nyuma. Mungu anisamehe nilichomwombea.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa nyumbani kwa baba mkwe, Mgori.

Nilifika saa nne. Nyuma ya pikapu nilikuwa nimefunga kiti chenye mikono kwa kamba nne, nikatandika ngozi ya ng'ombe. Nilikiona kama kiti cha malkia. Nikampa baba mkwe, Mzee Yeremia, shikamoo yake. Akaitikia. Akakitazama kiti. Akaniuliza, mwanangu, umekuja kumpeleka mama yako hospitali au mnadani? Maana yeye mbuzi wake wa mnada huwafunga kamba mbili tu. Majirani walikuwa wamejaa. Walicheka wakashika miti.

Raheli akatoka. Mzuri kama mvua ya kwanza! Akakitazama kiti, akaniangalia, akainamisha kichwa. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nilidhani analia kwa mapenzi.

Kisha mama mkwe akatoka, kajifunika khanga hadi kichwani, kashikwa mkono. Mimi tayari nilikuwa nyuma ya ghala. Nikasikia sauti yake. Alisema jicho lake linaumwa na vumbi, haendi kukaa nyuma kulila vumbi kama mzigo wa karanga. Alisema atakaa mbele. Heshima ya wakwe, alisema, ni ya watu wazima wa afya. Mgonjwa ni mgonjwa. Raheli akakaa kwenye kiti cha malkia.

Mbele! Ubavuni mwangu! Umbali wa shibiri moja!

Ningefanya nini? Nikageuza uso kabisa, nikatazama nje ya dirisha langu, na kuendesha hivyohivyo. Mama mkwe akauliza polepole kama huko nje ndiko barabara iliko. Sikumjibu, kwa heshima. Akasema yeye ni kipofu, lakini anahisi tumetoka njiani.

Kichuguu. Kikubwa kama nyumba.

Hakuna aliyeumia, Bwana asifiwe. Lakini gurudumu la mbele lilikuwa limelala kama sikio la mbwa. Mlango wa kushoto ukakataa kwa ndani, na mimi siwezi kumfungulia mama mkwe, na Raheli anakwama na kamba za kiti.

Hapo likasikika honi. Naftali, na madebe ya asali.

Akamfungulia mlango. Akamwita mama, akamwamkia, akamkalisha mbele. Yeye si mkwe wa mtu! Raheli akakaa nyuma na madebe. Niliwasikia wakicheka hadi kona ya mwisho. Raheli alipunga mkono. Gari halikutoa hata kikohozi.

Pikapu imevutwa hadi hapa na ng'ombe wanne wa baba mkwe. Amesema hao ndio gari alilolizoea.

Jumamosi, 22 Juni

Nilirudi Singida Jumapili iliyopita, kwa miguu na kwa lori la mtama.

Jicho lililoziba limepasuliwa na kufunguliwa, la pili bado limefungwa. Mama mkwe anaona. Wamefikia kwa dada yake, karibu na ziwa. Raheli yuko mwendo wa dakika kumi kutoka kitandani kwangu, na siwezi kwenda! Mama mkwe anashinda mlangoni akiota jua, kafungwa bendeji upande mmoja, upande mwingine anaangalia njia. Leo nimepita mara tano kwa kujificha nyuma ya mbuzi.

Jioni Raheli ameniletea barua kwa mkono wa binamu yake. Mpenzi wangu! Anasema mama atarudi Mgori Jumamosi ijayo, na Naftali amekubali kumpeleka bure. Nikisema ndiyo tu, yeye Raheli atabaki hapa, kwangu, siku hiyohiyo. Neno moja tu, Kefa, ameandika. Amelipigia mstari.

Nimeisoma mara tisa. Nimelia. Nimeibusu.

Kisha nimejibu: hapana! Mama yako atarudishwa Mgori na mkwe wake. Kwa sababu leo hii nimesikia kuna mkulima huko Misigiri anauza trekta. La zamani, la bei ya karani. Kiti kimoja tu, cha dereva. Na linavuta tela, na mnyororo wa tela una hatua sita nzima.