Kesi Yangu Dhidi ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimemshtaki shangazi. Si kwa chuki. Kiwanja cha babu ni kimoja na sisi tuko wawili: mimi nyumba ya mbele aliyoniachia marehemu baba, yeye nyumba ya nyuma. Nimeiomba mahakama imwondoe. Wakili sikuweka, wakili ni wa watu wasiojua kujieleza. Jioni shangazi akaniletea maharage, akauliza kama ni kweli nimemshtaki. Nikamwambia ni mambo ya sheria tu, asiyatie moyoni. Maharage yameiva vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Hakimu anakuja Jumanne kukagua kiwanja. Balaa, maana kila kilichopandwa pale kimepandwa na shangazi. Nikapata akili. Alipokwenda sokoni, nikanunua miche ya michungwa kitaluni na kuifukia nyuma ya nyumba yake. Nitasema ni ya baba, aliipanda nikiwa shule ya msingi. Mgongo hoi. Shangazi aliporudi akasema michungwa imependeza. Akaimwagilia.

Jumanne, 12 Machi
Siku mbovu. Hakimu alitaka kujua kwa nini mchungwa wa miaka yote hiyo unamfika magotini. Nikajibu udongo umechoka. Hapo hapo mbuzi wa shangazi akaung'ata mche mmoja, akavuta, ukatoka mzima mzima na mfuko wake wa plastiki. Nilikuwa na haraka, mifuko sikuitoa. Karani akageukia ukutani kukohoa. Hakimu akaandika kwa muda mrefu.

Ijumaa, 22 Machi
Nimeshindwa. Shangazi alisimama mahakamani akasema kwa sauti ndogo, "Sikutaka mtoto ajue." Kumbe baba aliuza fungu lake zamani, nikiwa bado nabebwa mgongoni. Aliyelinunua, mwalimu mstaafu jirani yetu, akathibitisha. Kiwanja kilichobaki chote ni cha shangazi, naye ndiye aliyemkaribisha kaka yake nyumba ya mbele, akanyamaza miaka yote asimwaibishe. Sasa anaiomba nyumba yake, maana binti yake amefiwa na mume na anarudi na watoto. Machozi yalinilenga. Kisha hakimu akasema nihame, yakakauka. Nje nikamlaumu shangazi kwa kunianika mbele za watu. Akasema, "Kesi uliifungua wewe, mwanangu. Mimi niliitwa tu."

Jumatano, 10 Aprili
Dalali wa mahakama alikuja kunitoa. Nilishajipanga: kitandani, blanketi mpaka kidevuni, kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Nani atamtoa mgonjwa? Dalali akanipa pole ya dhati, akawaagiza vijana wake wanishike taratibu. Wakaninyanyua na kitanda changu, wakanitua kando ya barabara, pembeni ya kabati langu. Nikaendelea kuugua, ningeachaje katikati? Wapita njia wakanipa pole. Mmoja akaniuliza kama kabati nauza. Mvua ikaanza. Shangazi akatoka na mwavuli, akawasihi vijana wale wale, wakanibeba tena mpaka chumba chake cha wageni. Dalali alishika mwavuli.

Ijumaa, 12 Aprili
Shangazi ananilisha uji kwa kijiko. Binti yake ndiye aliyekuwa apewe chumba hiki wakati nyumba ya mbele inapakwa rangi. Analala na wanawe sebuleni, na watoto wananyata wasiniamshe. Asubuhi aibu ilinishika, aibu ya kweli. Nikaamua kumwomba shangazi radhi na kuinuka. Nikamwita. Akaja na binti yake, akanigusa shingo, akasema nitulie, chumba hiki ni changu mpaka nipone.

Changu mpaka nipone. Katamka mwenyewe, na shahidi yupo.

Radhi nimeiahirisha. Nikamwomba karatasi na kalamu, nikisema nataka kuiandikia mahakama mambo madogo tu. Kaniletea, akaniwekea na mto mgongoni niandike vizuri.