Olow Alivyomkamua Ngamia

Gazeti liliingia Garissa na msafara wa malori, likiwa na umri wa siku tano na doa la samli. Siku zile za vita vya shifta, waasi wa porini, hata habari zilisafiri kwa ulinzi: gari la askari mbele, gari la askari nyuma, habari katikati. Aliyelipokea ni Warfa Redio, na Warfa gazeti halisomi, hulitangaza. Aliketi kwenye benchi langu la chai, akakohoa mara tatu kama mashine inayotafuta stesheni, akatupasha kwamba Nairobi nzima inamlilia Olow wetu. Eti tangu sinema ianze kuonyeshwa nchini, hakuna mtu aliyekufa vizuri kama yeye.

Niwajulishe wenye benchi. Warfa tulimwita Redio kwa sababu alikuwa nayo moja, na kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na swichi. Molu Koplo, Mborana wa upande wa Wajir, alichunga ngamia ujanani, akaenda Burma na jeshi la Waingereza, akarudi na koti moja na maoni mengi. Alio Kisu alikuwa mchinjaji. Ngamia alimjua kuanzia pale anapokufa. Mimi ni Shamso, mwenye birika. Jina la utani sikuwa nalo, au walilitumia nikiwa sipo.

Naye Olow alikuwa fundi cherehani, mtu wa kivulini, mpole hadi inzi walimzoea. Alitoka Hulugho zamani, na huko alikuwa nani hatukuuliza. Sisi tulimjua akiwa na futi shingoni. Kiangazi kilichotangulia walikuja watu wa sinema kutoka Nairobi wakitafuta sura ya shifta. Wakampenda Olow, maana alikuwa mwembamba na macho yake yalionekana yana njaa hata akiwa ameshiba. Hadithi yao ilikuwa fupi: shifta anaiba ngamia, anamkamua porini, anakunywa, anajuta, anakuja kujisalimisha na kitambaa cheupe, wenzake wanampiga risasi ukingoni mwa Tana. Hapo ukingoni walimlaza kwenye matope tangu asubuhi hadi jioni. Alikufa mara saba kwa ajili ya kamera, na mbu walihudhuria mara zote saba. Wiki ya tatu homa ikamshika. Mara ya nane alikufa kwa ajili yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia arudie.

Miezi ikapita. Wiki moja kabla ya gazeti kufika, gari la sinema lilikuja likatundika shuka nyeupe ukutani pale sokoni, wakubwa wakaisogeza kafyu kwa saa mbili, tukamwona Olow ukutani, mkubwa kuliko msikiti.

Sasa gazeti liko benchini, na Alio Kisu hakubaliani na gazeti.

"Kufa mimi ndiyo kazi yangu," akasema. "Kufa kwa wengine, namaanisha. Yule alipigwa risasi akatembea hatua kumi na mbili. Nilizihesabu. Akaketi. Akahutubia. Akalala. Akainuka tena kusema neno alilolisahau. Mbuzi angefanya vile pale machinjioni ningemrudisha kwa mwenyewe."

Koplo akaongeza kwamba mtu akipigwa risasi hahutubii. Burma yeye aliona. Mtu hukaa chini na uso wa mtu aliyeacha kitu nyumbani, basi. Warfa akawaambia nyinyi ni watu wa porini, sanaa mtaijulia wapi, wataalamu wa Nairobi wameandika. Alio akamwuliza kama hao wataalamu wameandika pia habari ya kukamua.

Hapo wote tulikohoa vicheko, hata Warfa. Kwa asiyejua mambo yetu: ngamia hukamuliwa kwa kusimama. Mwanamume anasimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili anaukunja na kuuegemeza kwenye goti, chombo cha maziwa kinakaa juu ya paja, mikono yote miwili inafanya kazi. Olow, mbele ya kamera, alichutama. Alichutama chini ya ngamia kama mtu anayekamua mbuzi, kiwele kiko juu ya kofia yake, mikono ameinyoosha juu kama anaanua nguo kwenye kamba, na maziwa yanaingia kwenye mkono wa shati. Siku ya sinema soko lote lilianguka chini kwa kicheko. Wazee walifuta machozi kwa ncha za vilemba. Mtu mmoja tu hakucheka, inspekta mpya, aliyekuwa na siku tisa tangu ashuke kutoka milimani. Yeye alikaa kwenye kiti cha mbele, akiandika kwenye kidaftari.

Alio alikuwa ametoka benchini akituonyesha ule mchutamo, makalio karibu na jiko langu, Kinsi alipotokea.

Kinsi ni mjane wa Olow. Alikuwa ametoka eda wiki mbili tu. Alio aliinuka kutoka kwenye mchutamo kama mtu aliyekuwa akitafuta sindano.

"Tulikuwa tunamkumbuka marehemu," akasema. "Wallahi, abaayo, dada yangu, alikufa vizuri sana."

"Kwa utulivu," akasema Koplo.

"Mmemaliza?" Kinsi akauliza. "Nimesimama nyuma ya kibanda tangu hatua kumi na mbili."

Hakuna aliyepata pa kuweka macho. Mimi niliyaweka kwenye birika.

Kinsi hakuja kugomba. Alikuja na habari. Asubuhi ile askari walimchukua Nunow, mdogo wake Olow, yule aliyekalia cherehani na ambaye sasa nyumba yote ya Kinsi ilikula kwa mkono wake. Kosa lake ni kuwa ndugu wa shifta. Shifta gani? Yule wa ukutani. Kesho Nunow angepakiwa kwenye msafara unaorudi, apelekwe kizuizini mbali, na walioenda huko tulikuwa hatujaona hata mmoja aliyerudi.

"Nimemwambia inspekta ile ilikuwa sinema," akasema Kinsi. "Nimemwambia mume wangu alikuwa fundi, alikufa kwa homa. Akaniambia, mama, najua alikufa, nilimwona. Nikamwambia alikuwa anaigiza. Akasema hakuna mtu duniani anayeweza kuigiza vile."

Warfa akanong'ona kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Kinsi alimtazama hadi akajizima.

"Sasa nataka mje kituoni. Yale mliyokuwa mkiyasema kabla sijatokea, mkayaseme pale mbele yake. Yote. Hata lile la mbuzi."

Hapo ungewaona wahakiki wangu. Alio alikumbuka nyama iliyokuwa juani. Koplo alikumbuka goti. Siku zile kwenda kituoni kwa miguu yako mwenyewe ni jambo lililofanywa na wageni na wendawazimu. Jina likishaingia kwenye faili lile, halitoki. Warfa alisema heshima ya marehemu haimruhusu kusema ubaya wake. Kinsi akamjibu kwamba wiki nzima hiyo heshima ilikuwa imelala.

"Mimi ndiye mjane," akasema. "Mimi ndiye nitakayekaa nimsikilize mume wangu akitukanwa. Nyinyi kazi yenu ni kutukana tu, na mna mazoezi."

Nikalitoa birika motoni, nikaanza kutembea. Walinifuata. Sijui kama walimfuata Kinsi au chai.

Askari wa zamu mlangoni alitupisha kwa vikombe viwili vya chai. Inspekta alikuwa kijana mwenye masharubu mapya na adabu nyingi. Alitukaribisha, akatusikiliza mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu mwenye adabu ndiye mgumu zaidi kuvunja.

Koplo alitoa ushahidi wa Burma. Inspekta akasema kila mtu hufa kivyake. Alio akatoa hatua zake kumi na mbili, na mbuzi ambaye hafiki tatu. Inspekta akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mashifta ni wagumu kufa," akasema. "Tumeandikiwa hivyo."

Warfa akaona wakati wake umefika. Akamkunjulia gazeti, akamwonyesha mahali palipoandikwa wazi kwamba Olow alikuwa mwigizaji, tena bora. Inspekta alisoma kwa kidole, akafika katikati, akasoma kwa sauti: "'Marehemu hakuigiza. Aliishi maisha ya shifta yule, na kila aliyemwona alijua.'" Akakunja gazeti taratibu, akauliza kama mwandishi huyo anaweza kuja kutoa ushahidi. Warfa alipoteza stesheni kabisa.

Kinsi alikuwa amekaa pembeni muda wote huo, mikono kwenye mapaja. Kila walipomponda mume wake alitingisha kichwa kukubali, kama mtu anayekubali bei. Sasa akazungumza.

"Bwana inspekta, ulimwona akimkamua ngamia?"

"Nilimwona. Hapo ndipo nilipopata hakika. Alikaa chini ya mnyama yule kama mtu aliyezaliwa pale."

Konstebo aliyesimama mlangoni, mwenyeji wa huku, alishikwa na kikohozi kibaya. Ilibidi atoke.

Kinsi akaomba ruhusa. Nyuma ya kituo kulikuwa na zizi la ngamia waliokamatwa porini. Akaomba mmoja, mwenye ndama, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kwetu mwanamke hamkamui ngamia, kwa hiyo akageuka.

"Adeer Molu, baba yangu mdogo. Simama kwa ajili ya Nunow."

Koplo alilitazama goti lake kama mtu anayelitazama deni, akavua koti, akanipa nilishike. Konstebo akamleta ndama kunyonya kidogo ili mama ateremshe maziwa. Kisha mzee yule wa miaka sitini akakunja mguu, akaweka sufuria ya askari kwenye paja, akasimama kama korongo mtoni. Mguu ulitetemeka. Povu likapanda sufuriani. Konstebo akasema kwa sauti ya chini kwamba vile ndivyo. Hakuna kuchutama. Mtoto wa miaka saba porini anajua.

"Pengine yule shifta alikuwa amechoka," inspekta akasema.

"Basi jaribu wewe, ambaye hujachoka," akasema Kinsi.

Nawaambia alijaribu. Ile adabu yake ndiyo iliyomponza. Alichutama chini ya ngamia vilevile kama alivyoona ukutani, akanyoosha mikono juu, na maziwa yakamwingia kwenye mkono wa sare hadi kwapani. Ngamia akageuza shingo kutazama ni nani. Hakupendezwa. Aliinua mguu kidogo tu, bila chuki, na kofia ya serikali ikavuka zizi.

Inspekta alijikuta ameketi mavini. Kila mmoja wetu alipata kitu cha kutazama mbinguni.

"Huyu marehemu," akasema kutoka pale chini, "hakuwa anajua anachokifanya."

"Hakuwa anajua," akasema Kinsi.

Ofisini aliandika karatasi, mkono mmoja ukitiririka maziwa. Akamsomea Kinsi: uchunguzi umefanyika, ndugu aachiliwe, kwa kuwa aliyeonekana kwenye sinema hakuwa shifta, bali mwigizaji mbaya. Kinsi akamwomba aongeze "sana". Akaongeza. Muhuri ukagongwa juu yake.

Nunow alitoka mahabusu bila mkanda na bila kujua lolote, akauliza kwa nini Koplo anachechemea. Wanaume walimzunguka, wakaondoka naye wakizungumza wote kwa pamoja, na kabla hawajafika sokoni Alio alishakuwa ndiye aliyemwokoa. Mimi na Kinsi tulibaki nyuma na birika tupu.

Nilitaka kumpa pole. Nilimwambia si kitu, maneno ya kituoni hubaki kituoni, mtu hawezi kujua kila kazi.

Mabega yalikuwa yakimtikisika. Nikadhani analia. Nilipomchungulia ndani ya ushungi alikuwa anacheka, na machozi yapo pia, nisiwadanganye.

"Shamso," akasema, "Olow alikulia kwenye kambi ya ngamia, Hulugho. Hadi miaka kumi na minane hakuwahi kulala chini ya paa. Alikamua wanne kabla ya jua, kwa mguu mmoja, huku akiimba. Molu kwake ni mtoto."

Nilisimama njiani.

"Alfajiri ile ya kamera," akaendelea, "nilimkuta uani anajifunza kuchutama kwa mbuzi wangu. Nikamwuliza umerukwa na akili? Akasema, wale wa Nairobi hawatajua tofauti. Lakini mtu wetu yeyote, popote atakaponiona, atajua nacheza tu. Siku moja itasaidia."

Sikumwambia mtu. Benchini wahakiki waliendelea miaka na miaka: Warfa na maneno ya gazeti lake, Alio na muhuri wa serikali, ambao sasa aliunukuu kama aliugonga mwenyewe, Koplo akipandisha suruali kutuonyesha goti. Mimi nilimimina chai. Mara nyingine iliwamwagikia. Nilisema ni mkono.

Gazeti Kinsi alimwomba Warfa, akapewa. Nilipomtembelea nilizikuta karatasi zote mbili ukutani juu ya cherehani, ya Nairobi chini, ya kituoni juu, imetiwa fremu ya mbao. Nilimwuliza kwa nini asiiweke juu ile inayomsifu mumewe.

"Ndivyo nilivyofanya," akasema Kinsi, akarudi kwenye uzi wake.