Reli Chumbani kwa Kitinda Mimba

Jumatatu, 3 Machi
Kitinda mimba wangu kapiga simu. Dakika mbili! Kazi, mama, kazi. Tangu ahamie huko kiwandani hajalala hapa hata siku moja, mwaka wa pili huu. Na jirani yangu, Mama Geti, mwanawe yuko kwake kila wiki. Geti hulifungua kwa kishindo makusudi, nisikie.
Nimepata hila. Boksi la treni ya kuchezea aliyoanza kuijenga na marehemu baba yake bado lipo. Reli nyembamba, upana wa kidole changu, mfano wa zile za kubebea mawe machimboni. Nitaijenga mimi. Akisikia atakuja. Akija atalala.

Jumanne, 4 Machi
Seremala kasema reli inataka meza ya futi nane kwa nne. Chumba cha mwanangu kimejaa kitanda. Basi kitanda nimempa Mama Geti. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Wivu tu!

Alhamisi, 6 Machi
Shule niliishia darasa la nne, maelezo ya boksi yananishinda. Nafuata picha. Lakini ushonaji ni ushonaji: reli nimezipima kwa utepe, kona nimezibana kwa pini kama mkunjo wa sketi. Mlima ni magazeti na uji wa ngano. Handaki nimelikata sawasawa na kichwa cha treni.
Kichwa kikapita. Behewa likakwama! Kumbe kwenye kona behewa hutoa kiuno nje. Miaka thelathini nashona, nimesahau kuacha nafasi ya nyonga! Nilicheka mpaka machozi. Nikageuka nimwonyeshe mtu. Hakuna mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempigia. Nimemwambia treni imekwama handakini, mafundi wote wameshindwa. (Mafundi gani? Mungu anisamehe.) Akauliza kama ni ile ya baba.
Anakuja kesho! Nimenunua chakula cha watu sita.

Jumapili, 9 Machi
Alifika jana mchana, begi begani, kakonda. Akalipanua handaki kwa kisu cha jikoni, treni ikapita, ikazunguka, ikazunguka tena. Akainamisha kichwa macho yawe sawa na reli, vilevile alivyokuwa ana miaka tisa. Akasema mama, wewe fundi kweli. Nikajifanya nakohoa.
Jioni akauliza begi aliweke wapi.
Mama yangu! Kitanda!
Chini ya meza kumejaa mbao na waya. Sebuleni viti vitatu vya mbao. Nikamwambia alale kwangu, mimi nitajikunja chini. Akasema na mgongo huo, thubutu. Mama Geti naye kishafika mlangoni, eti alikuja kuona treni. Akamwambia twende kwangu baba, kitanda kipo. Kipo! Si ndicho kile kile cha mwanangu!
Kalala usingizi wa pono, nimesimuliwa asubuhi hii na jirani, bila kuuliza. Saa mbili mwanangu akapita kuniaga. Chai hakumaliza.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewaza sana, kosa nimeliona. Reli ilikuwa fupi! Ingekuwa ndefu, angehitaji siku tatu kuitengeneza. Nimeshapima kwa utepe: itoke chumbani kwake, ipite koridoni, iingie kwangu, izunguke hadi dirishani.
Kinachoziba njia ni kitanda changu tu. Seremala anakuja kesho kukifungua.