Mabawa ya Mita Sita na Nusu

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Leo sokoni Warwick, ndani ya kitabu chakavu, nimeiona. XB-19! Ndege ya mabomu ya Wamarekani, ya majaribio. Mabawa zaidi ya mita sitini. Tairi moja tu linanizidi urefu! Fundi aliweza kutambaa ndani ya bawa hadi kwenye injini, ndege ikiwa angani. Wakaunda moja, basi. Nikasimama kati ya wauza mizizi, nikasahau nimetumwa vitunguu.

Nimeamua. Kwenye maonyesho ya Heritage Day, sikukuu ya urithi, nitapeleka XB-19 yangu, ndogo mara kumi kuliko ile. Séverin, msusi wa ghorofa ya chini, ameshinda miaka mitatu kwa okapi wa waya. Na ni yuleyule! Humbadilishia rangi tu.

Jumatano, 18 Septemba

Maboksi ya friji nimeyatoa Mobeni, ghala ninalofanyia kazi. Mianzi ya jirani. Uwanja wote wa flati umejaa bawa. Mke wangu Atuganile kauliza nguo ataanika wapi. Nikamjibu historia haianiki nguo. Nimekula ugali mtupu.

Ijumaa, 20 Septemba

Séverin kaizunguka mara mbili. “Papa Ladislaus, hii kitanda iko ya nani?” Wivu!

Jumanne, 24 Septemba

Upepo mkali. Atuganile kasema tuifunge kamba. Nikakataa: ndege ya vita si mbuzi. Tukaibeba kwenda ukumbi wa maonyesho: mimi mbele, Séverin kajitolea kushika mkia, bila shaka aione aibu yangu kwa karibu. Pale kwenye robot, taa za barabarani, upepo ukaingia chini ya mabawa. Ikatuponyoka. Ikapaa!

Sijui niandikeje. Ilipanda taratibu, kama mtu anayeinuka kitini. Kivuli chake kikapita juu ya taksi, moja baada ya nyingine, na honi zikanyamaza. Dereva mmoja kavua kofia. Séverin kanishika mkono, hakuuachia. Atuganile alikuwa analia na kucheka.

Kisha ikageuka, ikatua juu ya paa la ukumbi. Vipande viwili.

Mshindi: okapi. Waamuzi wanasema wanapima vilivyomo ukumbini, si vilivyo juu yake.

Jumatano, 25 Septemba

Atuganile kaniletea chai. Kasema anatumaini nimepata funzo. Nimelipata! Iligeuka vibaya kwa sababu haikuwa na rubani. Ya pili itakuwa na kiti. Séverin kaomba akae yeye. Nimemkatalia. Nimejipima ghalani: kilo tisini na mbili. Si kitu kwa ndege kubwa namna ile.