Mungu wa Ushindi Pindoni mwa Bi Kibibi

Raed, muuza sarafu za kale, alipopanda ndege kwenda Amman, dereva wake Nassir aliona riziki imeachwa bila mlinzi. Kabatini mlikuwa na sarafu ya dhahabu ya Kirumi: upande huu kichwa cha mfalme, upande wa pili mungu wao wa kike wa Ushindi, na mabawa yake. Nassir akaiazima. Kuazima bila kuomba, wanangu, kuna jina lake, ila Nassir alikuwa na adabu, hakulitaja.

Mchezo ulikuwa mwepesi: inapimwa ya dhahabu, inauzwa pacha wake wa shaba. Wiki ya kwanza alimliza Leah, mtumishi wa ndani. Siku ya Raed kurudi, tamaa ikampeleka kwa Bi Kibibi, mpishi wa mtaa wa Discovery Gardens, hapo Dubai.

"Mimi Muislamu, baba. Mungu mke mwenye mbawa nikamweke wapi? Chini ya mto?"

"Humwabudu, shangazi, unamuuza! Mzungu atakupa mara kumi."

"Mara kumi?" Macho yakamng'aa.

Wakaenda kwa sonara, soko la dhahabu la Deira. Sonara akapima. "Dhahabu, wallahi." Bi Kibibi akalipa papo hapo.

"Lete nikufungie kwenye karatasi," Nassir akasema. Ndani ya karatasi hiyo shaba ilishajilaza, inangoja.

"Usihangaike, mwanangu." Bi Kibibi akaifunga pindoni mwa mtandio, fundo juu ya fundo, akaitumbukiza kifuani, ndani ya buibui.

Nassir akakauka. Humo kifuani mlikuwa na kazi yake, viza yake, na pengine jela. Na kifua cha mke wa mtu, katikati ya Deira, hakitiwi mkono hata kama roho yako imo humo.

"Shangazi, nirudishie. Nimekosea bei."

"Bei umeitaja weye."

"Chukua pesa zako, na nyongeza!"

"Mbona ile ya Leah imeota kutu ya kijani? Nalala naye chumba kimoja, kila siku namsikia analia. Ile ilikuwa ada ya mwanawe."

Simu ikalia. Raed: ametua, yalla, haraka, gari liko wapi?

Nassir akatoa pesa za Bi Kibibi. Akakimbilia mashine ya benki, akarudi na za Leah, jasho linamchuruzika kama aliyeoga na nguo zake. Bi Kibibi akazihesabu taratibu, akaugeukia ukuta, akalegeza fundo moja. Kisha akasita.

"Khalas, shangazi, fungua!"

"Nafungua, mwanangu. Ila tulikuja na gari lako, na weye unakwenda uwanja wa ndege. Mimi teksi ya kunirudisha nyumbani analipa nani?"