Kanda za Mama na Diski za Sinaw

Ibra, 12 Juni 2009

Kwa mdogo wangu Marzouq bin Suud,
Nizwa, Oman.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Rawya na watoto. Sisi huku hatujambo, ila joto. Nimeshika kalamu kwa sababu simu unaikata kila ninapofika kwenye maneno yenyewe, na barua haikatiki.

Sikuandikii kama dada yako. Nakuandikia kama mtu aliyekaa miaka ishirini na sita katika chumba cha mafaili ya wagonjwa hospitalini, asipoteze hata faili moja. Nalalamikia diski ulizozinunulia hiyo mashine yako. Wewe unaiita seva. Mimi naiona kompyuta kuukuu iliyovuliwa kifuniko.

Usije ukasema sikueleza. Idi kubwa ulikuja kwangu, ukala, ukanywa kahawa, kisha ukanambia, "Da Ghanima, zile kanda za mama zinaoza kabatini. Nipe nizitie kwenye kompyuta, kila mtu azisikilize kwake." Kanda arubaini na moja: barua za sauti ambazo marehemu mama alikuwa akimpelekea mama mdogo Tufool huko Tabora, maana kuandika kuliwachosha wote wawili. Mama mdogo alikuja nazo alipohamia huku. Sauti nyengine ya mama hatuna. Nikakupa. Kosa hilo ni langu, na sitalirudia. Yaliyobaki ni yako, nayo ni haya:

1. Namna ulivyochagua. Mtu anayetaka diski ya kuwekea sauti ya mama yake huuliza imetengenezwa na nani, ina dhamana ya miaka mingapi, na walioinunua kabla yake wanasemaje. Wewe ulikwenda Sinaw Alkhamisi, siku ya soko, ukazinunua kwa muuza redio aliyekaa baina ya mbuzi na majani ya mbuzi. Nasikia ulizipima uzito mkononi. Nilipokuuliza kwa nini hizo, ukajibu, "Rahisi, na kubwa." Hivyo ndivyo watu wanavyochagua matikiti.

2. Dhamana. Nilikuomba karatasi yake. Ukanionesha kipande cha boksi ambacho muuzaji kakiandika kwa mkono wake: "Nzuri, inshallah." Sina la kuongeza hapo.

3. Umeme. Diski hizo kubwa zinataka umeme wao wenyewe ukutani. Wewe umezichomeka kwenye waya mmoja pamoja na friji na pasi, hata ikawa Rawya akipiga pasi dishdasha zako, mama anakatika katikati ya neno. Mwezi wa tatu diski ya kwanza ikaanza kugonga, tk, tk, tk. Nikaisikia mpaka kwenye simu. Ukasema ni kawaida, inafikiri. Marzouq, mimi nimefanya kazi hospitalini. Naijua sauti ya kitu kinachokufa.

4. Nakala. Ulijisifu mbele ya shemeji zako kwamba kila kitu umekiweka mara mbili. Nilipokuja Nizwa kutazama, nikakuta diski zote mbili zimepandana, moja juu ya mwenzake, ndani ya stoo isiyo hata feni, kwenye waya uleule. Hiyo si nakala. Hao ni wagonjwa wawili kitanda kimoja. Nakala hukaa nyumba nyengine, na ikiwezekana huwekwa na mtu mwengine mwenye akili.

5. Ngamia. Hili nimejaribu kulisamehe, nimeshindwa. Diski ya kwanza ilipozimika mwezi uliopita, ukasema, "Msijali, tunayo ya pili." Tukakaa mimi, wewe na binti yangu Khulood, na wageni barazani, kumsikiliza mama. Nilikuwa nimeshashika leso. Wakatoka ngamia. Picha mia tatu na kumi na mbili za ngamia wa mtu wa mji wa Adam, pamoja na tarehe zao za chanjo. Wageni walipendezewa. Ukatwambia kuwa uliwaona tangu siku ya kwanza, ila ulidhani ni picha za mfano zinazowekwa kiwandani.

Bassam, yule fundi wa kompyuta hapo Nizwa, alilifungua boksi akasema kwa adabu kuliko nilivyoweza mimi: boksi jipya, diski ya ndani kuukuu. Ilijidai kubwa na ilikuwa ndogo. Ngamia walikuwa wameshaijaza, kila ulichotia wewe hakikuingia. Umelipa bei ndogo, ukauziwa ngamia wa watu.

6. Kanda zenyewe. Nikasema basi, turudi kwenye kanda. Hapo ndipo ukaanza kutazama viatu vyako. Kumbe ulipomaliza kuzinakili uliziweka chini ya magunia ya tende za Al Qabil, kwa vile "hazihitajiwi tena". Tende zimetoa asali. Asali imeingia ndani ya kanda. Nimezifungua moja moja kwa mkono wangu, arubaini na moja, na zote zimegandana.

Kwa hivyo hali yetu leo ni hii: mama hayumo kwenye kanda, hayumo kwenye diski ya pili, na ile ya kwanza anayo Bassam, ambaye amesema atajaribu na hakuahidi. Miaka sita tangu tumzike, na sasa wewe umemnyamazisha kwa sababu ya bei rahisi.

Kwa heshima zote nataka yafuatayo. Ujiuzulu kazi ya kuweka vitu vya familia, kwa maandishi. Ufunguo wa nyumba ya mama urudi kwangu. Hati za shamba zirudi kwangu. Pasi za kusafiria za wanao uzipeleke kwa mama yao. Na Idi ijayo usikabidhiwe hata orodha ya wanaopelekewa nyama, maana sitastaajabu jirani akiletewa picha ya ngamia.

Nisalimie Rawya, watoto, mama mdogo Tufool, na Bassam. Muuza redio wa Sinaw usinisalimie.

Dada yako,
Ghanima bint Suud

Nyongeza: Bahasha nilikuwa sijaifunga, Khulood akaingia na kompyuta yake. Bassam ameifungua ile diski iliyokuwa ikigonga, akampelekea yaliyomo. Zimetoka zote arubaini na moja.

Kuna moja ya mwaka 1987. Upande wake wa pili niliuandika mwenyewe "tupu", kwa sababu unaanza na kimya, nami nikauzima. Wewe hukusoma nilichoandika, ukauacha ukaenda mpaka mwisho. Baada ya dakika nne mama anasema, "Tufool, nasema polepole, Ghanima asinisikie, ataniambia namaliza betri. Mtoto huyu anaweka kila kitu kwa namba, nahisi na mimi nimo kwenye orodha. Lakini usiku nikikohoa, huyo keshafika." Kisha anacheka, Marzouq. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake.

Ufunguo kaa nao. Nunua diski nyengine mbili, rahisi kama unavyopenda, ila nenda na Bassam, na moja uniletee hapa.

Kabatini zimebaki kanda sita ambazo sikukupa, kwa kuwa nimeziandika "tupu". Njoo uzichukue.