Kikao cha Kumi na Mbili cha Kuku wa Bia Nyeusi

"Wananchi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, kuku aliyelowekwa kwenye bia nyeusi si chakula tena. Wala bado hajawa kinywaji. Atabaki katikati hadi Kamati Maalumu ya Kuainisha Kuku itakapotoa uamuzi."

Tangazo lilibandikwa ukutani, juu ya jiko la Mama Moshi, mjane aliyechoma kuku nyuma ya ofisi ya leseni kwa miaka tisa. Alilisoma mara mbili, akafuta mikono kwenye aproni. Kuku wake walilala kwenye bia nyeusi, kitunguu saumu na pilipili, asubuhi wakapanda wavuni mpaka ngozi ikawa rangi ya kahawa. Hakuwa na siri nyingine, wala kazi nyingine.

Saa mbili na nusu askari wa ofisi walilichukua jiko kama kielelezo, likapandishwa roshani ya ghorofa ya tatu, nje ya chumba cha mikutano.

"Sasa nitachomea wapi, mheshimiwa?" aliuliza.

"Huku huku juu," alijibu Mwenyekiti wa Kamati, bwana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi likaogopa. "Hatuwezi kuainisha kitu tusichokijua. Tunahitaji sampuli."

"Ngapi?"

"Wajumbe tuko saba. Andaa kumi na nne. Utafiti hautaki ubahili."

Kikao cha kwanza kilichunguza mapaja. Cha pili kikabaini kwamba paja la kushoto halikutendewa haki, likachunguzwa upya. Cha nne kiliahirishwa kwa sababu ya pilipili, kikaendelea baada ya maji. Mjumbe mmoja alipendekeza uamuzi utolewe. Akaulizwa ana haraka ya kwenda wapi. Chini, wateja walitazama moshi ukitoka ghorofa ya tatu, wakameza mate, wakaenda zao.

Siku ya kikao cha kumi na mbili Mama Moshi alisimama mlangoni na sinia.

"Waheshimiwa, hawa ndio wa mwisho. Banda ni tupu."

Kamati ikafikia uamuzi kwa dakika nne.

"Kuku huyu," Mwenyekiti alisoma huku akijipangusa midomo, "ni kinywaji kikali. Muuzaji atafute leseni ya baa, viti arobaini na mlango wa dharura." Wajumbe wote saba wakatia sahihi zenye mafuta.

Mama Moshi alitua sinia chini. Viti arobaini! Yeye alikuwa na ndoo moja ya kukalia. Hata hivyo alichukua fomu ya leseni kwa karani, akaijaza kwa utulivu. Alipofika swali la sita akatua kidogo. *Taja watu waliowahi kunywa kinywaji hiki, mahali, saa na kiasi.* Akaandika, akaandika, akageuza ukurasa.

Karani alisoma, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, una hakika?"

"Nilikuwepo, mwanangu. Mwenyekiti alikunywa mapaja manne kabla ya saa nne asubuhi."

"Nakala ya fomu hii inakwenda Idara ya Nidhamu. Kunywa kazini ni kufukuzwa."

"Basi inakili vizuri. Mwandiko wangu mbaya."

Kabla ya kuinakili, karani alipanda juu kuwaonya wajumbe. Kikao cha kumi na tatu kilifanyika ndani ya nusu saa, watu wakiwa wima, bila sampuli. Kiliamua kwamba kuku ni chakula, amekuwa chakula siku zote, na anayedai vinginevyo anapotosha umma.

"Ichukue fomu kwa karani, mama, uichane," Mwenyekiti alinong'ona.

"Nitaichana jiko likifika chini."

Askari walikuwa wamekwenda kula. Mwenyekiti akalikumbatia jiko mwenyewe, ngazi kwa ngazi, shati likiingia masizi. Alipolitua, Mama Moshi akaichana fomu vipande vipande, akawashia mkaa.

Kesho yake muuza kuku wa sokoni alikuwa amemletea kuku wapya, na harufu ikapanda hadi ghorofa ya tatu. Mwenyekiti akashuka, akakohoa kidogo.

"Mama, ile sampuli yangu ya leo?"

"Leo ni chakula, mheshimiwa," alisema, akigeuza paja. "Foleni inaanzia kule kwa kinyozi."